Njia ya Hewa

Mezani kwa msokotaji wa biri wa Havana hakuna vitu vingi. Upo ubao mnene wa mbao ngumu, umelainika kwa miaka ya kusuguliwa. Kipo kisu kisicho na mpini, kipande cha chuma bapa chenye makali yaliyopinda, wenyewe wanakiita chaveta. Ipo gundi ya mimea ndani ya kikopo, haina rangi wala ladha. Kipo kibao chenye tundu la kupimia unene, na kikatio kidogo cha kusawazisha urefu. Basi. Kinachobaki ni majani ya tumbaku, yamefunikwa kwa kitambaa yasikauke, na mikono miwili ya mama ambaye amefanya kazi hii tangu ujana wake.

Biri ya hapa ni sigara nene ya majani matupu. Haina karatasi, haina kichungi, na tumbaku yake haikusagwa. Kuna majani ya ndani yaliyokunjwa kwa urefu, kuna jani la kuyafunga, na kuna jani la juu, lile ambalo mnunuzi huliona. Moshi hauna pa kupita ila kwenye nafasi nyembamba zilizobaki kati ya jani na jani. Nafasi hizo zikizibwa, mvutaji atavuta mpaka mashavu yabonyee na asipate kitu. Zikiwa pana mno, biri inawaka mbio, inakuwa ya moto na chungu mdomoni. Kwa hiyo ukimtazama msokotaji kwa utulivu unagundua kwamba vidole vyake vinashughulika na hewa kuliko tumbaku. Anajaza, lakini wakati huohuo anaacha njia, na njia hiyo haionekani na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

Niseme mapema kwamba tumbaku inaua. Biri nayo huleta saratani ya kinywa na ya koo, na sitamshawishi mtu yeyote aiwashe. Ninayoisifu hapa ni mikono.

Wapo wasomaji wanaoijua tumbaku shambani kuliko mimi. Mkulima wa Urambo anayekausha tumbaku ya mvuke, au wa Namtumbo anayekausha tumbaku ya moshi, akifikishwa Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Cuba, angetambua mengi bila kuambiwa: vitalu, mbegu ndogo kama vumbi, majani yanayochumwa kwa mkono kuanzia chini ya mmea kupanda juu. Bani, jengo la kukaushia, ndilo lingemshangaza. Bani la huko halina tanuri wala moto. Majani hutungwa mawili mawili kwa sindano na uzi, yakaanikwa kwenye fito, na hewa tupu ndiyo inayofanya kazi kwa siku 50 hivi. Kadiri yanavyokauka, fito hupandishwa juu zaidi, na mlinzi wa bani hufungua na kufunga milango kufuata unyevu wa siku ile. Hata jengo limesimamishwa kwa hesabu: ncha zake zinaelekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu.

Yakishakauka hayaendi kiwandani moja kwa moja. Hurundikwa, na rundo hupata joto lenyewe, likatoa harufu kali ya amonia inayochoma macho. Joto likizidi, rundo linabomolewa na kupangwa upya, yaliyokuwa nje yakaingia ndani. Ndipo majani huhifadhiwa yazeeke. Kwa hiyo jani linalofika kwenye ubao wa mama huyu limeshapita mikono mingi ya watu waliojua kungoja, na yeye ni wa mwisho anayeweza kuliharibu.

Majani ya ndani ni ya namna tatu, na tofauti yake kubwa ni mahali yalipoota kwenye mmea. Ya chini, volado, ni mepesi, na kazi yake ni kuwaka vizuri. Ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, yamelipokea jua kuliko mengine, kwa hiyo ni mazito, yana mafuta na nguvu, na huzeeshwa miaka 2 au zaidi kabla ya kuguswa. Ligero huwaka polepole. Lazima ikae katikati kabisa ya biri, imezungukwa na nyingine, la sivyo moto utakwenda upande mmoja na kuacha mwingine. Mchanganyiko wenyewe msokotaji hauchagui. Anapewa majani yaliyokwisha kupangwa kwa ajili ya biri 50 za aina fulani, na hesabu ni yake kuanzia hapo.

Anatandaza nusu mbili za jani la kufunga juu ya ubao, moja ikipanda kidogo juu ya nyingine. Kisha anachukua jani la volado, analikunja kwa urefu juu ya lenyewe, kwa wepesi, halijabanwa hata kidogo, na kulilaza kwenye kiganja cha kushoto. Seco inafuata, imekunjwa vilevile. Ligero inaingia kati. Kila jani limekuwa mrija, na mirija yote inakwenda upande mmoja, ncha za majani zikielekea mwisho utakaowashwa.

Hapa ndipo niliposogeza kiti. Kiganja cha kushoto kimefumbwa nusu, na vidole vya kulia vinapapasa rundo lile kuanzia mwanzo hadi mwisho, vikitafuta mahali pagumu na mahali patupu. Akigusa uvimbe, anavuta kipande kwa kidole gumba na cha shahada, anakichana, anakirudisha panapopungua. Anapapasa tena. Macho yake hayapo mkononi. Anatazama mbele, na mara mojamoja anamjibu jirani yake, lakini vidole havikosi. Nilijaribu kushika rundo moja kabla halijafungwa na sikuhisi tofauti yoyote kati ya mwanzo na mwisho. Yeye alilirudisha kiganjani, akatoa kipande cha upana wa ukucha karibu na kichwa, mwisho unaotiwa mdomoni, akaridhika.

Majani yaliyozidi urefu anayavunja kwa mkono, hayakati, kisha vipande hivyo anavirudisha ndani kuziba mapengo. Analaza rundo kwenye pembe ya jani la kufunga na kuliviringisha kwa viganja viwili kuelekea mbele. Mgandamizo ni uleule kutoka mguuni mwa biri, mwisho unaowashwa, hadi kichwani. Mwendo huu hauchukui muda, ukipepesa jicho umeukosa, lakini wanafunzi hukaa miezi 9 hivi katika shule ya kiwanda wakijifunza huu na mingine michache, na wengi hawamalizi. Kosa lao kubwa ni lilelile: wanakaza. Mtu anayeogopa kitu kisifunguke hukikamata kwa nguvu. Mwalimu anapopita kati ya mabenchi huchukua kazi ya mwanafunzi, huibonyeza mara moja kati ya vidole, na akiona imekaza huifungua yote, jani kwa jani, na kuyarudisha mezani kwake. Hakemei. Majani yale yale yatatumika tena.

Rundo lililofungwa linaingia kwenye kalibu, mbao mbili zenye mifereji ya unene wa biri inayotakiwa, na kalibu inawekwa kwenye shinikizo. Katikati ya muda huo anaitoa, anageuza kila rundo mfereji ukibakia uleule, anairudisha, ili mstari wa mahali mbao zinapokutana usiache alama ubavuni. Kwa jumla ni kama nusu saa au zaidi kidogo. Wakati kalibu moja inabanwa, anaandaa nyingine, kwa hiyo mikono haipumziki, ila masikio yana nafasi.

Na masikio yana kazi yake. Mbele ya ukumbi, juu ya jukwaa dogo, ameketi msomaji. Desturi hii ilianza mwaka 1865 katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana: wasokotaji walichanga fedha zao wenyewe kumlipa mmoja asome kwa sauti wakati wengine wanafanya kazi. Serikali ya kikoloni ya Kihispania iliona hatari yake upesi, ikapiga marufuku mwaka uliofuata, lakini desturi ikarudi, na mwaka 2012 Cuba iliitangaza kuwa urithi wa taifa. Asubuhi husomwa magazeti, baadaye riwaya, na riwaya huchaguliwa kwa kura za wafanyakazi. Mwandishi wa riwaya Dumas alipendwa kiasi kwamba inasimuliwa kuwa biri za Montecristo, zilizoanza mwaka 1935, zilipata jina kutoka kitabu chake. Wakipendezwa na kilichosomwa, wasokotaji hawapigi makofi, maana mikono ina kazi. Hugonga chaveta juu ya ubao, na ukumbi mzima hulia chuma kwa mbao.

Nafikiri msomaji anafanya zaidi ya kuburudisha. Kazi hii inaharibika mtu akiikodolea macho. Vidole vinajua, na akili ikiviingilia kila mara vinaanza kusita. Hadithi inaichukua akili, inaiweka mahali pengine, na vidole vinabaki na nafasi ya kuhisi. Ndiyo maana mtu anaweza kulia kwa ajili ya mhusika wa riwaya na biri aliyonayo mkononi isiharibike.

Sasa jani la juu. Hili limelelewa tofauti tangu shambani. Mimea yake hulimwa chini ya kitambaa chepesi cheupe kilichotandazwa juu ya shamba zima, ili jua lichujwe na jani lipanuke likiwa jembamba na lisilo na mafundo. Ndilo jani ghali kuliko yote. Kabla ya kutumika hunyunyiziwa maji, hukung'utwa ili tone lisibaki likaacha doa, na hulazwa unyevu usambae. Kisha wanawake wenye vidole vyepesi hutoa uti wa kati kwa mvuto mmoja, na jani linakuwa nusu mbili. Wageni bado husimuliwa kwamba biri husokotwa juu ya mapaja ya wasichana. Biri husokotwa juu ya ubao. Wanaolaza majani mapajani ni hawa watoa uti na wachambuzi, wakiwa wameketi, wanayanyoosha na kuyatenga kwa rangi na ukubwa. Hadithi ile imewanyima heshima wote wawili, mchambuzi na msokotaji.

Nusu ya kulia na nusu ya kushoto hazitumiki sawa. Mishipa ya jani lazima ilale vizuri juu ya biri, kwa hiyo nusu moja huviringishwa kuelekea upande huu na nyingine upande ule. Mama anaweza yote mawili. Anatandaza nusu jani, uso laini chini na mishipa juu, na kulinyoosha kwa upande wa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo yote imetoka. Jani limekuwa jembamba mno, naona rangi ya ubao ikipenya. Ndipo anaposhika chaveta. Haikandamizi kama kisu cha jikoni. Anaiegemeza juu ya makali yake yaliyopinda na kuisukuma kwa mwendo mmoja mrefu usiokatika, ukingo wote wa jani ukatoka kama utepe. Ukingo ule ndio wenye mikwaruzo na mishipa minene. Kilichobaki ni mkanda uliopinda kidogo, mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili.

Analaza biri kwenye pembe ya mkanda huo, mguu ukitangulia. Mkono wa kulia unaviringisha, wa kushoto unalivuta jani na kulinyoosha mbele ya mzunguko, na kila mzunguko unapanda kidogo juu ya uliopita. Ni kama mama anavyomfunga mwanawe kwa mbeleko: hakazi hata mtoto akose pumzi, halegezi hata ateleze. Jani likivutwa zaidi linachanika, na hakuna kiraka. Likivutwa pungufu linaacha mkunjo ambao utafunguka motoni. Nilitazama biri moja baada ya nyingine zikivikwa hivi na sikuona hata mara moja akirudi nyuma kurekebisha. Marekebisho yote alikwisha kuyafanya mapema, kwenye unyevu, kwenye kunyoosha, kwenye mkato.

Ganda la biri linatafutwa hata na watu ambao hawajali kilichomo ndani. Katika miji ya Marekani vijana wengi hununua biri za bei rahisi, wakazipasua kwa urefu, wakamwaga tumbaku na kujaza bangi, wakibakiza ganda tu. Biri nyingi za namna hiyo hazina jani zima nje, zina karatasi iliyotengenezwa kwa tumbaku iliyosagwa, na hupasuka ovyo. Anayetumia jani halisi hulazimika kujifunza anachokijua mama huyu: lilainishwe kwa unyevu kwanza, lishikwe kwa wepesi, lifuatwe linakotaka kupinda.

Kichwa cha biri ndicho kipimo cha ufundi kinachoonekana. Mwisho wa jani la juu anaukata kwa ncha ya chaveta uwe ulimi mwembamba, anaupaka gundi kidogo kwa kidole, anauzungusha kichwani mpaka ufungike wenyewe. Kutoka kwenye mabaki ya jani lilelile, ili rangi isitofautiane, anakata kiduara kidogo na kukibandika juu. Anakipigapiga kwa kidole gumba, anakizungusha mara moja kwenye ubao. Mstari wa maungio upo, lakini ni lazima uambiwe ulipo. Halafu mguu unawekwa kwenye kikatio, unasawazishwa, na biri nzima inaviringishwa chini ya ubapa wa chaveta. Anaipitisha kwenye tundu la kibao. Inapita ikigusa pande zote, haikwami.

Yupo msokotaji mashuhuri wa Havana, José Castelar, anayejulikana kwa jina la Cueto, aliyesokota mwaka 2016 biri ya urefu wa mita 90 kuadhimisha miaka 90 ya Fidel Castro. Namheshimu. Lakini ukinipa nafasi ya kutazama, nitachagua tena hii ya sentimita 13, kwa sababu itafuatiwa na nyingine isiyotofautiana nayo, na nyingine. Kwa biri za ukubwa wa kati, mzoefu humaliza takriban 100 kwa siku. Ya 100 haina haki ya kuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa kuwa mabega yamechoka.

Biri 50 hufungwa kicha kimoja, na kicha hutiwa karatasi yenye namba ya msokotaji. Mkaguzi hukipima uzito, hupima urefu na unene, hutoa chache akazibonyeza kwa vidole, nyingine akazipasua kuona kama ligero imekaa kati. Siku hizi ipo pia mashine inayovuta hewa kupitia biri kabla haijavikwa jani la juu na kuonyesha kama njia imefunguka. Mama aliitazama mashine ile bila chuki. Husaidia wanafunzi, alisema, maana inawaambia mapema kile ambacho vidole vitawaambia baadaye.

Kutoka hapo biri hupumzika wiki kadhaa kwenye makabati ya baridi mpaka unyevu uliozidi utoke. Mchambuzi wa rangi huzimwaga mezani mamia kwa mamia na kuzitenga, kahawia kutoka kahawia, kwa tofauti ambazo mimi sikuziona hadi aliponiwekea mbili ubavu kwa ubavu. Ndani ya kasha zitalala iliyokolea zaidi kushoto na iliyofifia zaidi kulia, kila moja uso wake mzuri ukitazama juu, na mvishaji wa pete ataheshimu mpango huo asigeuze hata moja.

Kwa kuchambuliwa hivyo, kasha moja hubeba kazi ya watu kadhaa. Chini yake hupigwa muhuri wa msimbo wa kiwanda na mwezi wa kufungashwa, na wanunuzi wa Geneva na Dubai husoma msimbo huo kwa makini na kubishana juu yake. Namba za wasokotaji zilibaki kwenye vikaratasi vya vicha, na vikaratasi vilikwisha kutupwa. Ningetaka kiwanda kiyaandike majina yao kwenye kasha, karibu na ule muhuri, hata yakiwa majina kumi.